Mbwa wa Kwenda Kanada

Bobi hakulipenda lile sanduku tangu siku lilipoletwa. Seremala wa mtaa wa Likombe alikuwa amelitengeneza kwa vipimo vya shirika la ndege: mbao nyepesi, wavu wa waya ubavuni, kijilango chenye komeo, na juu yake karatasi ya kuonyesha kwamba ndani mna mnyama hai. Glory, mtoto pekee wa nyumba ile, ndiye aliyepewa kazi ya kumzoesha. Kila asubuhi alitupia mfupa ndani, akangoja Bobi aufuate, akafunga komeo, kisha akakaa chini kumsimulia habari za Kanada kama alivyozisikia kwa baba yake.

Baba yake, Danieli, alikuwa fundi wa mitambo bandarini, na karakana moja ya huko Kanada ilikuwa imemwajiri. Viza za watu watatu zilikwisha kubandikwa kwenye pasi. Safari ilikuwa Alhamisi. Kilichobaki ni mbwa. Jumanne bwana mifugo wa kata angekuja kumkagua na kuandika cheti cha afya. Cheti hicho, pamoja na kile cha chanjo ya kichaa cha mbwa, ndivyo vingempitisha Bobi viwanja vya ndege. Elizabeti, mke wa Danieli, aliviweka vyote kwenye faili la plastiki alilolilalia chini ya mto. Mtoto alikuwa amesema wazi kwamba bila Bobi yeye haendi, na Elizabeti, aliyemjua mwanawe, aliona ni rahisi kutafuta karatasi za mbwa kuliko kupambana na machozi yale mpaka uwanja wa ndege.

Ijumaa ile Bobi alikuwa ndani ya sanduku, kimya, wakati jirani yao Bi Sabra alipoingia kwa mlango wa uani na sahani ya mihogo ya kuchemsha. Bi Sabra alikuwa mjane, mkulima wa korosho, mwenyeji wa pale pale. Miaka sita nyuma Elizabeti alipofika kutoka Mbeya na mtoto mchanga mgongoni, bila ndugu wala rafiki, ndiye aliyemwogesha mtoto na kumkanda mama. Tangu hapo hawakuwa na hodi baina yao.

Alimwona Bobi ameinamisha kichwa, kibakuli chake cha maji kimepinduka.

"Mbona mmemnyima maji kiumbe wa watu," alisema, akapitisha mkono penye uwazi wa mlango ili akiinue kibakuli.

Bobi hakubweka. Hilo ndilo Elizabeti alilolikumbuka baadaye kila alipofumba macho. Alinyanyuka tu, akauma, akaachia, akarudi kulaza kichwa chake juu ya miguu.

Elizabeti alipotoka jikoni alimkuta Bi Sabra amechuchumaa penye bomba, anausugua mkono kwa udongo. Mate ya mbwa ni najisi, na yeye alikuwa na swala ya Ijumaa mbele yake. Aliosha kwa udongo, akaosha kwa maji, akahesabu moyoni mpaka zikatimia saba. Elizabeti akamletea sabuni, akaosha tena. Kwenye kiganja, chini ya kidole gumba, palikuwa na matundu mawili yaliyotoa damu taratibu.

"Amechanjwa huyu?" Bi Sabra aliuliza.

"Amechanjwa, Bi Sabra. Cheti kipo, ngoja nikuonyeshe."

Alikimbia ndani, akarudi na faili. Bi Sabra aliitazama ile karatasi akiwa ameunyoosha mkono mbali ili damu isiidondokee.

"Mhuri naona upo. Basi."

Hapo ndipo Elizabeti alipotakiwa kusema twende hospitali. Maneno yalikuwa mdomoni. Lakini alikumbuka sheria kwamba mbwa akiuma mtu hufungwa na kuangaliwa siku kumi, na Alhamisi haikuwa mbali hivyo.

"Bi Sabra," alisema, na sauti yake ikawa ndogo. "Nakuomba jambo hili libaki hapa kwetu. Bwana mifugo akilisikia atatuzuilia safari."

Bi Sabra alimtazama kidogo, kama ambaye hakutegemea kuombwa.

"Mwanangu, mimi nimtangazie nani kwamba nimeumwa na mbwa? Nifungie kitambaa nkono huu niende nikaswali."

*

Jumamosi Bobi hakula. Jumapili, waliporudi kanisani, walimkuta chini ya kitanda cha Glory, amegeukia ukutani. Glory aliingia huko kwa tumbo akamvuta kwa miguu ya mbele. Alipotoka, mkono wake ulikuwa na ute mpaka kwenye kiwiko, akaupangusa kwenye gauni lake la kanisani.

"Ananilamba, mama, lakini hataki kunitazama," alisema.

Elizabeti aliuona mchubuko mkononi mwa mtoto, mpya, wa kuangukia kokoto, na ute juu yake. Alimshika akampeleka bombani, akamwosha mpaka mtoto akalalamika kwamba anamuumiza. Kisha alimfuata Danieli sebuleni, akafunga mlango, akamweleza: Bi Sabra, kibakuli, ile namna ya kuuma bila kubweka.

Danieli alikuwa amesimama. Akakaa.

"Kwa nini hukuniambia Ijumaa?"

"Ulikuwa na mambo yako ya kuaga kazini. Na mbwa amechanjwa. Au hakuchanjwa?"

"Amechanjwa. Si ulikuwepo?"

"Nilikuwepo. Basi mbona umekaa hivyo?"

Danieli alijipapasa magoti. Alikuwa mtu mkubwa mwenye mikono ya kufungua nati zilizoshika kutu, na Elizabeti hakuwahi kumwona akikosa pa kuiweka.

"Ile dawa ilipata joto," alisema.

Akamweleza. Bwana mifugo alimwagiza akanunue mwenyewe kichupa cha chanjo mjini, akilete kwenye chupa ya chai iliyojaa barafu. Alikinunua, kilikuwa cha mwisho dukani. Akiwa njiani akapigiwa simu, winchi imekwama, meli inasubiri. Aliiacha chupa kwenye pikipiki, juani, akidhani ni kazi ya dakika chache. Alitoka jioni. Barafu ilikuwa maji, na maji yenyewe yalikuwa vuguvugu.

"Nilikuja nikaitia kwenye friji, pembeni ya samaki. Ikapoa. Bwana mifugo aliponiuliza kama ilikaa kwenye baridi, nilimwambia ndiyo."

"Danieli."

"Ningemwambia nini? Nyingine haikuwepo. Ingekuja mwezi mwingine, na viza ilikuwa imeshatoka. Na pengine inafanya kazi vilevile. Hatujui."

"Na lile jibwa la mashambani lililopigana naye mwezi wa tano?"

 Wote wawili walikuwa wameliona lile jibwa likitokea kwenye mikorosho, linapepesuka, likamrukia Bobi getini na kuondoka zake kama lililosahau lilichofuata. Walicheka siku ile. Glory alimpaka Bobi spiriti shingoni, na ndani ya wiki moja kidonda kikafunga.

Walimfunga Bobi kwa mnyororo kwenye banda la kuku lililokuwa tupu. Glory aliambiwa kwamba mbwa ana homa, asisogelewe.

*

Jumatatu asubuhi Elizabeti alimpeleka mtoto hospitali. Nesi aliyewapokea alikuwa mama mpole, mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa uzi. Aliutazama mchubuko, akauliza maswali yake bila haraka.

"Mbwa yuko wapi?"

"Tumemfunga."

"Anakula?"

"Kidogo," alisema Elizabeti.

Nesi alimtazama. "Mama, hapa hatusutani. Tutamchoma mtoto leo, na ninyi wazazi mje mchomwe, na sindano nyingine nitakuandikia tarehe zake. Usiruke hata moja. Ugonjwa huu ukishajitokeza kwa binadamu, sisi hatuna la kufanya tena. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Kuna mtu yeyote ambaye amemuuma? Kama yupo niambie, nimpigie bwana mifugo sasa hivi, na mtu huyo aje leo."

Glory, aliyemwona Bi Sabra akifungwa kitambaa Ijumaa, aligeuza uso kumtazama mama yake. Elizabeti aliyahisi macho yale shavuni. Alijiambia kwamba kesho atakwenda kwa Bi Sabra mwenyewe, amweleze kistaarabu, amlete kwa bajaji. Hakuna haja jambo lipitie kwa watu wa ofisi.

"Hakuna," alisema.

Sindano ilichomwa. Glory hakulia. Kwenye bajaji alikaa pembeni, mkono ameukumbatia, mpaka walipokaribia nyumbani.

"Mama, Bi Sabra ulimsahau?"

"Nitamwambia mwenyewe."

"Leo?"

"Glory, nyamaza, kichwa kinaniuma."

Lakini siku ile hakwenda. Alifua nguo ambazo zilikuwa safi. Alifungua masanduku ya safari akayapanga upya. Kila alipopita karibu na banda alisikia mnyororo ukisogea, na mara moja alisikia sauti ambayo alidhani ni ya mtu anayekohoa. Ilikuwa ya Bobi. Alikuwa akijaribu kubweka, na koo lilikuwa limemwacha.

Jumanne taya la Bobi lilikuwa limelegea. Alikitumbukiza kinywa kwenye maji na maji yakatoka kama yalivyoingia. Danieli alimpigia simu bwana mifugo akaomba ukaguzi usogezwe, kwamba mtoto anaumwa. Elizabeti alimsikiliza akisema hayo, kisha akajitupia kanga, akavuka njia kwenda kwa Bi Sabra.

Alimkuta Riziki, binti wa Bi Sabra, anapepeta mchele barazani.

"Mama hayupo, mama Glory. Kaondoka juzi, Jumapili. Kaenda Kilambo, avuke ng'ambo kwa mama mkubwa. Kuna mwali wetu anatolewa."

"Msumbiji?"

"Huko huko."

"Atarudi lini?"

"Ngoma zenyewe ndefu. Mwezi ujao labda, akijaliwa."

Elizabeti alishika nguzo ya baraza. "Simu yake?"

"Haipatikani toka jana. Kule mtandao wa kubahatisha." Riziki aliweka ungo chini. "Kuna nini?"

"Nilitaka kumuaga tu. Mkono wake unaendeleaje?"

"Alisema unawasha. Unawasha mpaka huku," Riziki alijigusa kiwiko. "Kwani uliuona? Alituambia kajichoma na waya."

Elizabeti alirudi nyumbani. Bi Sabra alikuwa ameitunza siri yao hata kwa binti yake wa kumzaa. Alimkuta Danieli amesimama uani, anamtazama usoni kusoma habari.

"Hayupo," alisema. "Amekwenda ng'ambo. Pengine ameshavuka."

Danieli alishusha pumzi. Haikuwa pumzi ndefu, na alijaribu kuimeza katikati, lakini Elizabeti aliisikia, na akajua ilikuwa pumzi ya nini. Akajua pia kwamba kifuani mwake mwenyewe, pale penye hofu, kitu kidogo kilikuwa kimelegea vilevile alipokuwa akivuka njia. Ameshavuka. Hatutamwona tena. Keshokutwa tutakuwa angani. Alikiona kitu hicho, akakiogopa kuliko mbwa aliyekuwa bandani.

"Nitamfuata," alisema.

"Utamfuata wapi? Msumbiji? Eliza, nisiporipoti tarehe moja, kazi ile anapewa mtu mwingine. Ukilitoa jambo hili, hatuondoki."

"Utaondoka wewe."

"Na ninyi?"

"Danieli, yule mama atakufa. Atafia huko kwenye ngoma, watu watasema karogwa, na sisi ndio tutakuwa tunajua."

 Danieli alifungua faili la plastiki, akatoa pasi ya mke wake, akampa.

"Chukua. Kama amevuka, utaihitaji mpakani."

*

Jumatano kulipopambazuka Elizabeti alipanda bodaboda. Dereva, Kassimu, alikuwa kijana wa mtaani kwao, na hakuuliza mengi. Ulikuwa mwezi wa kupulizia mikorosho salfa, na vumbi la njano lilikuwa limetanda juu ya mashamba, linanuka kiberiti, likamwingia Elizabeti puani na machoni mpaka hakujua kama analia. Njia nzima alikuwa anapiga simu. Sauti ile ile ya mwanamke ilimjibu kwamba namba anayopiga haipatikani.

Ukingoni mwa Ruvuma, Kilambo, watu wa kuvuka walikuwa wamekaa juu ya mizigo yao wakisubiri boti. Maji yalikuwa mapana, yenye rangi ya chai ya maziwa, na viboko walikuwa wakikoroma mahali pasipoonekana. Elizabeti alitembea kati ya watu akichungulia nyuso. Mwanamke mmoja alimwambia kwamba boti ya kwanza imeshaondoka na akina mama wa ngoma.  Elizabeti alisogea mpaka majini, akasimama anaangalia ng'ambo, ambako hakuona ila matete.

"Mama Glory?"

Bi Sabra alikuwa nyuma yake, amebeba bahasha ya kaki. Kibali chake cha kuvuka kilikuwa kimechelewa siku mbili kwa sababu ya picha. Alikuwa ametoka kukichukua. Kitambaa mkononi kilikuwa kile kile alichofungwa Ijumaa.

"Shikamoo, Bi Sabra."

"Marahaba. Ntoto mzima? Kuna msiba?"

"Hakuna msiba." Elizabeti alitaka kumvuta pembeni, lakini watu walikuwa kila upande, na wengine walikwisha kugeuka kusikiliza. "Bobi anaumwa. Ni kichaa, Bi Sabra. Ile chanjo yake iliharibika kwa joto kabla ya kuchomwa, haikuwa na kazi. Inabidi urudi nami hospitali leo."

Bi Sabra aliuangalia mkono wake, kisha akamwangalia Elizabeti.

"Ulinionyesha mhuri."

"Nilikuwa sijajua. Nimejua Jumapili."

"Jumapili." Alilitafuna lile neno. "Leo siku gani?"

"Jumatano."

Mzee mmoja aliyekaa juu ya gunia la chumvi alisema, bila kumwelekea mtu, kwamba watu wa ofisini ndivyo walivyo. Hakuna aliyemkataza.

"Na Glory je?" Bi Sabra aliuliza. "Anamkumbatia mbwa yule kutwa. Ameshachomwa?"

Elizabeti angeweza kusema bado. Alifikiri hivyo, na mtu yeyote angemwamini.

"Ameshachomwa," alisema.

"Lini?"

"Juzi."

"Juzi," alisema Bi Sabra.

 Aliinama kwenye furushi lake, akalifungua, akatoa vitenge viwili vipya na shanga za mwali, akampa mwanamke mmoja aliyekuwa akingoja boti ya pili. "Mwambie dada nimeitwa nyumbani. Usimwambie kuna ugonjwa, atavunja ngoma." Kisha akafunga furushi, akalitwika mwenyewe, akakataa kupokewa. Alitafuta bodaboda yake mwenyewe. Njia nzima mpaka mjini Elizabeti aliiona kanga yake mbele, ndani ya vumbi, na Kassimu hakujaribu kumpita.

*

Nesi mwenye miwani alimpokea Bi Sabra bila kumuuliza Elizabeti chochote. Alimwosha upya, akamchoma mkononi na kuzunguka lile jeraha, kisha akainua simu kumwita bwana mifugo. Alipoikata ndipo alipogeuka.

"Jumatatu nilikuuliza," alisema.

"Uliniuliza," alijibu Elizabeti.

Bobi alikufa jioni hiyo kabla bwana mifugo hajafika bandani. Bwana mifugo alivaa glovu mbili mbili, akachukua alichotakiwa kuchukua, akakipeleka kupimwa. Danieli alisimama mbele yake akaeleza habari ya pikipiki na jua, neno kwa neno, kofia mkononi. Bwana mifugo alimwacha amalize, akasema tu kwamba katika kata ile kuna mbwa wengine aliowachanja, na kila mwenye mbwa humwambia ilikaa kwenye baridi.

Alhamisi Danieli aliondoka peke yake. Glory alikataa kwenda kumsindikiza uwanjani. Majibu yalipokuja yalikuwa yale waliyoyajua, na mtaa mzima ukajua. Riziki alikuja mpaka mlangoni, hakuingia, akauliza swali moja, kama mama yake siku zote alikuwa mtu au kitu katika nyumba ile. Kisha akageuka akaondoka bila kungoja jibu. Watoto waliokuwa wakija kucheza na Glory hawakuja tena. Hakuna aliyemtukana Elizabeti wala mtoto wake. Walisalimiwa kwa adabu, na salamu zikaishia hapo.

Viza ilikuwa na uhai mpaka Septemba. Danieli alipiga kila jioni kuuliza wanakuja lini, na kila jioni Elizabeti alimjibu kwamba Bi Sabra hajamaliza sindano. Kila sindano alitangulia hospitali akakaa kwenye benchi, na kila mara Bi Sabra alikuja, akamwitikia salamu, akaingia. Elizabeti alimchunguza anavyotembea, anavyomeza maji. Akikohoa, moyo ulimruka. Alishika sheria moja tu: hataondoka kabla ya kuona kwa macho yake.

Siku ya sindano ya mwisho Bi Sabra alitoka chumbani, akashusha mkono wa gauni, akakaa kwenye benchi ile ile. 

"Sasa mtaondoka," alisema Bi Sabra.

"Jumatano."

"Nendeni. Mimi siwaombei mabaya. Glory ntoto wangu." Alitazama wagonjwa waliopanga foleni dirishani. "Kuna kitu nakiuliza kila nikiamka. Kama mbwa yule asingemlamba Glory, usiende wewe hospitali, usiambiwe yale uliyoambiwa na nesi. Ungenifuata Kilambo?"

Elizabeti alifungua kinywa kusema ndiyo. Neno lilikuwa fupi na lilikuwa tayari. Akamwona Danieli uani, akaisikia ile pumzi, na nyingine iliyokuwa yake.

"Sijui," alisema.

Bi Sabra alitikisa kichwa polepole, kukubali.

"Haya," alisema. "Hilo nalo nimelisikia."

Aliinuka, akajitanda kanga yake vizuri, akatoka nje kwenye jua, na Elizabeti akabaki pale kwenye benchi mpaka nesi alipokuja kumuuliza kama anasubiri mtu.